Sailensi

Pale Kamanga, pantoni ikishusha ulimi wake wa chuma,
ndipo Carina yangu ilipopenda kuniaibisha.
Nagusa breki, injini inainama,
inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa,
mshale unashuka, mia saba, mia nne, mia mbili,
kisha kimya.
Na injini ikizima, pedeli inakubali mara moja, mbili,
halafu inakuwa jiwe,
na mbele yako ni ziwa.

Fundi wa kwanza, wa Buzuruga, alisema plagi.
Nikanunua plagi.
Wa pili akasema koili, akasema pampu ya mafuta,
akasema, mama, petroli ya siku hizi ina maji.
Wa tatu aliisugua throtoo kwa mswaki,
akapandisha sailensi mpaka gari likawa linalia
kama linadai mahari,
nikiweka gia linaruka lenyewe.
Wote niliwalipa. Risiti ninazo, kwenye bahasha ya kaki.

Kwa Nkwimba nilielekezwa na muuza mashudu.
Gereji yake ni mabati matano na jiwe moja,
jiwe la Mabatini, kubwa kuliko nyumba ya jirani,
spana zimeanikwa juu yake kama dagaa.
Hakuuliza gari lina nini.
Aliuliza: "Linazima ukilikanyaga, au ukiliachia?"
Miaka thelathini na mmoja nimezalisha,
Sengerema, Nyakaliro, Kome kisiwani;
hakuna fundi aliyewahi kuniuliza swali la mkunga.

Akazima redio. Akamfukuza kijana wa grainda.
Akachukua kipande cha mpira wa maji, futi mbili,
ncha moja sikioni, ncha nyingine ikitembea
juu ya manifoldi, pembeni, nyuma, chini,
taratibu, kama mtu anayefuata njia ya siafu.
Nikabana pumzi bila kujijua.
Shingo iliyopinda vile naijua.
Kwa kipembe cha mbao nimeinama hivyo
juu ya matumbo, usiku, kandili ikifuka,
nikitafuta mapigo madogo
chini ya yale makubwa.

"Kanyaga."
Nikakanyaga.
Ssssss, nyuma ya dashibodi, juu ya mguu wangu,
sauti ambayo miezi minane nilidhani ni feni.
"Busta inavuja," akasema. "Inavuta hewa ya wizi.
Injini hupimiwa pumzi kwa kijiko, mama,
na hii inaingia kwa mlango wa uani."
Akaubana kwa praizi ule mpira mnene
utokao kwenye busta kwenda kwenye manifoldi.
Injini ikatulia.
Akauachia: ikayumba.
Akabana: ikatulia.
Akaachia tena, na tena akabana,
hakutaka niamini, alitaka nisikie.

Busta ya mtumba tuliipata Igoma,
elfu sitini, baada ya kubishana hadi saa nane.
Ile ya zamani aliifumua kwa tindo, akanionyesha:
kiwambo cha mpira, ukingoni kimechanika,
ufa wa urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho.
Nikaomba nikichukue. Akacheka, akakifunga kwenye gazeti.

Halafu: "Usiwashe. Kanyaga mara tano.
Shikilia hapo hapo. Sasa washa."
Injini ikaitika,
na pedeli ikazama kidogo chini ya unyayo wangu,
laini,
kama utosi wa kichanga unavyobonyea.

Jioni ile niliteremka Kamanga kwa breki tupu.
Mshale ulisimama mia saba, haukupepesa.
Hata hivyo, nilipofika ndani, nilishuka
nikaweka jiwe mbele ya tairi. Mazoea.
Kijana wa pantoni akanipigia kelele,
mama, zima gari, watu wanataka kupanga!
Ngoja, nikamwambia, mkono juu ya boneti,
ngoja kidogo. Nasikiliza.